Saa ya miaka mitano: nani asimamishiwe, nani aambiwe basi

Ukisikia mchezaji wa chuo Marekani yuko mwaka wa saba unaweza kudhani jamaa anafeli masomo, kumbe wala. Kwenye NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, Divisheni ya Kwanza ambayo ndo daraja la juu, ukishaanza chuo chochote kama mwanafunzi wa muda wote, saa ya miaka mitano inaanza, na ndani yake una misimu minne ya kucheza. Uumie, uhame, urudi kwenu ukalale, saa inaenda tu. Huo mwaka uliobaki ndo wa redishati, unafanya mazoezi bila kucheza, na kwenye futiboli yao (ile ya Kimarekani) tangu 2018 ukicheza mechi zisizozidi nne, msimu huo hauhesabiwi.

Watu wanachanganya hapa: kurudishiwa msimu si kusimamishiwa saa. Ukiumia nusu ya kwanza ya msimu na hujacheza zaidi ya asilimia 30 ya mechi, unaweza kurudishiwa msimu, sawa, lakini miaka mitano ikiisha huo msimu utaucheza wapi? Mwaka wa sita mpaka uonyeshe ulinyimwa nafasi mara mbili kwa mambo yasiyo mikononi mwako. Aliyeenda jeshini au umisionari (vijana wa BYU, chuo cha Wamormoni, ndo zao) saa inamsubiri, na mjamzito anaweza kuongezewa mwaka.

Sasa Cam McCormick, mchezaji wa futiboli hiyo. Alianza chuo cha Oregon 2016, akamaliza chuo cha Miami 2024, mwaka wa tisa huo! Watu walimcheka sana, ila ukijumlisha redishati, majeraha yasiyoisha na mwaka wa korona ambao haukuhesabiwa, unaona hakuiba kitu, mwili ndo ulimwibia.

Wanaopinga nao wana hoja, na mimi naiona nzito: nafasi kwenye timu zina idadi, kila mzee anayebaki kuna dogo wa sekondari hapati skolashipu. Na tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kula hela za matangazo, halafu 2025 vyuo vikaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja, mpaka kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka. Zamani mwaka wa ziada ulikuwa wa kumalizia digrii, leo ni mshahara, nani atakubali kuondoka?

Ndo maana mambo yakahamia kortini. Diego Pavia, mchezaji wa futiboli wa chuo cha Vanderbilt, alilalamika kwamba NCAA inamhesabia miaka ya chuo kidogo cha miaka miwili ambacho hata si mwanachama wake, Desemba 2024 jaji akamruhusu aendelee, na msimu uliofuata akawa wa pili kwenye Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo. Kwa hili niko upande wa Pavia, ila kesi zikiendelea hivi kila jaji atakuwa na saa yake mkononi.

Mimi ningetoa misimu mitano ndani ya miaka mitano, redishati ife, saa isimame kwa jeraha kubwa, mimba, jeshi na dini, basi.

Ila hata hapo mkimbiaji wetu wa Iten bado hajapona. Yeye akimaliza form four akakaa nyumbani anakimbia mashindano huku anatafuta karo na viza, muda wa neema (ule anaoruhusiwa kukaa kati ya sekondari na chuo) ukipita anaanza kukatwa misimu kabla hajaiona Marekani, na huyo hana wakili.