Acheni kuniuliza "bado?"

Jumamosi nimetoka zangu sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, mtoto mgongoni, mfuko wa mboga mkononi, nikapanda bajaji ya Uyole. Pembeni yangu kakaa mama mtu mzima, nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri tu, akamgusa mtoto shavu, mtoto akacheka mpaka meno yake yote manne yakaonekana. Halafu maswali yakaanza. "Ana miezi mingapi huyu mwanangu?" Nikamwambia 13. "Anatembea?" Nikamwambia hapana mama, anasota. "Heee, bado? Mjukuu wangu miezi 10 tu huyo anakimbia uani. Huyu mchimbie shimo uwe unamsimamisha humo, miguu ikaze." Dereva naye akageuza shingo. Na kuanzia hapo mpaka nashuka hakuna aliyemwangalia tena mwanangu usoni, wote tulikuwa tunaangalia miguu, na mimi mama yake nikiwemo.

Hiyo ndo imeniuma mpaka leo, kwamba na mimi nilikuwemo.

Nimefika nyumbani hata mboga sijazitoa kwenye mfuko, nikamsimamisha ukutani, nikamwachia. Akakaa chini puu. Nikamnyanyua tena, dede mwanangu, dede, akakaa tena, mara ya tatu akaanza kulia, na mimi bado namnyanyua tu mtoto analia. Ni dada wa kazi ndo aliniambia, "Dada, mwache basi, umeona leo anapunga mkono?" Kumbe asubuhi, kabla sijambeba kwenda naye sokoni, alinipungia mkono mlangoni, mara yake ya kwanza kwenye maisha yake, na mimi nilikuwa nahesabu hela ya nauli. Halafu jioni sikumpa nafasi anionyeshe tena kwa sababu nilikuwa nadai miguu.

Jamani hili neno "bado" tunalitumia vibaya sana kwa watoto. Bado hajakaa, bado hajatambaa, bado meno, bado haongei. Mtoto anafanya mambo ishirini mapya kwa wiki, sisi tunamhesabia lile moja ambalo hana. Na ukishaanza kumwangalia hivyo, huoni kingine.

Najua ninachosema kwa sababu nilishamfanyia hivi kaka yake. Yule mkubwa, yuko darasa la tatu sasa, ndo alikuwa wa kwanza na nilikuwa na majirani wawili tuliojifungua karibu pamoja, basi ikawa kila siku ni kupimana. Wa mwenzangu kakaa, wangu nikamkalisha kwenye beseni nikamzungushia kanga asianguke. Wa mwenzangu katambaa, mi sikulala. Leo hii niulize mkubwa alienda tata lini, nakutajia mpaka tarehe, ilikuwa Jumapili na nilipiga simu kwa kila mtu. Ila niulize alikuwa anacheka vipi akiwa na miezi saba, alikuwa anapenda kushika nini, akinisikia naingia mlangoni alikuwa anafanya nini, sikumbuki. Nimekaa nikatafuta kichwani, hamna. Nilikuwa pale kila siku, nimemnyonyesha, nimembeba, nimemuogesha, na sura yake ya miezi saba sina. Picha ninazo, na karibu kwenye zote nimemshika makwapa anasimamishwa.

Hicho kitu hakirudi, na hakuna mtu aliyenionya. Wote walikuwa wananiuliza bado.

Na ukiangalia vizuri hata hizo haraka zenyewe hazina msingi. Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vyake mwaka 2006, waliwafuatilia watoto wenye afya zao Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na walichokuta ni kwamba kutembea mwenyewe kunaanzia miezi 8 na kidogo mpaka 17 na nusu. Tofauti ya miezi 9 nzima, yaani mimba nyingine inaingia hapo katikati! Na wote hao ni wazima. Kukaa bila kushikiliwa, karibu miezi 4 mpaka 9 na kidogo. Kusimama dede bila kushika kitu, karibu 7 mpaka karibu 17. Na kuna watoto kama 4 kwenye kila 100 ambao hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, waliruka tu hiyo hatua wakaendelea na mambo mengine. Sasa mjukuu wa miezi 10 na wangu wa 13 wote wamo humo humo ndani, anamzidi nini?

Mambo ya shimo sitaki hata kuyajibu. Na vile vigari vya magurudumu, beibi woka, ambavyo shemeji alitaka kuniletea zawadi, nilimwambia ahsante ila hapana. Havimfundishi mtoto kutembea, vinampa tu mwendo ambao hana uwezo wa kuuzuia, na Kanada walishavipiga marufuku tangu 2004. Halafu fikiria nyumba zetu za huku Mbeya mwezi huu wa saba, jiko la mkaa linawashwa mchana na jioni watu waote moto, mtoto yuko kwenye magurudumu. Hapana kwa kweli.

Baridi yenyewe nayo inachangia, watu hawaisemi. Kuna utafiti ulifanyika Denver kule Marekani ukaona watoto ambao umri wa kutambaa unawakuta kwenye baridi walichelewa kama wiki 3 hivi kuliko wenzao. Mi sishangai. Wa kwangu asubuhi ana soksi mbili, suruali mbili, sweta na kofia, sakafu ya saruji ni barafu, na nusu ya siku yuko mgongoni kwa mtu. Atajifunzia wapi kusimama? Na mgongoni pale si kwamba amekaa bure, anaona kila kitu, anasikia kila salamu.

Sawa, kuna la kukubali hapa, nalikubali kwa shingo upande kwa sababu najua watu watalitumia kurudisha ushindani wao. Kuna mtoto anayehitaji kuonwa mapema. Miezi 9 imepita hajaweza kukaa, au anatumia upande mmoja tu wa mwili, au ukimwita hageuki, au kitu alichokuwa anakiweza kimepotea, huyo mpeleke kliniki kesho asubuhi usisubiri. Na mtoto njiti naye umri wake hesabu kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa. Lakini hayo ni mazungumzo ya wewe na nesi na kadi ya mtoto, sio ya abiria wa bajaji.

Tena nesi ndo alinifundisha. Nilimpeleka chanjo ya surua ya miezi 9, nikaanza kujitetea kabla hata sijaulizwa, kwamba huyu bado hatambai. Yule dada akaandika uzito, akamwangalia mtoto, akaniuliza, "Anafanya nini siku hizi?" Nikakaa kimya kwanza. Halafu nikaanza, anapiga makofi, anajificha kwenye kanga, akisikia honda ya baba yake anageukia mlango... nikaongea mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Hilo ndo swali naomba tuulizane. Anafanya nini siku hizi? Ni maneno manne, na mama anaondoka pale akiwa amemwona mtoto wake.

Na kama ni wasiwasi jamani, uko wa kuwa nao huku kwetu. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta Iringa zaidi ya nusu ya watoto chini ya miaka 5 wamedumaa, Njombe nao karibu nusu, wakati taifa zima ni kama 30 kwa 100. Mikoa inayolima mahindi, viazi, maharage, maparachichi yanapanda malori kwenda nje! Sijawahi kusikia mtu kwenye bajaji akiuliza mtoto kala nini leo, kapata yai, kapata dagaa. Hapo uliza, hapo hata mimi nitakujibu bila kununa.

Jana jioni nilikuwa namenya viazi, gunia liko kule pembeni ya mlango. Huyu akasota mpaka pale. Anasota kwa makalio, mkono mmoja unasukuma sakafu, na mkono wa pili unabaki huru, kitu ambacho anayetambaa hana. Akachukua kiazi kimoja, akaja nacho mpaka kwangu, akanipa. Nikasema ahsante baba. Akageuka, akarudi kuchukua kingine. Nikaweka kisu chini, simu nikaigeuza kifudifudi, nikamwangalia tu. Aliniletea viazi saba.