Kiini cha ukuaji wa Shinko
Mwandishi wa makala hii kuhusu historia ya Shinko ameeleza vyema jinsi Shinko, kampuni ya Hiroshima iliyoanzishwa mwaka 1938, ilivyokua katika utengenezaji wa pampu za meli, ila amepita haraka mno kwenye jambo ninaloliona kuwa kiini cha ukuaji huo: ufundi wa pampu za meli za mafuta. Japani iliipita Uingereza katika ujenzi wa meli mwaka 1956, na meli kubwa za mafuta zilihitaji pampu za kupakulia shehena zinazoendeshwa na mtambo wa mvuke uliowekwa katika chumba cha injini, mbali na gesi inayoweza kulipuka, huku mhimili wa mtambo huo ukipenya ukuta uliozibwa barabara ili kuifikia pampu. Ufundi huo hukomaa polepole sana. Ningependa pia kusoma zaidi kuhusu kipindi cha baada ya 1973, mgogoro wa mafuta ulipopunguza ghafla oda za meli hizo.