Akaunti ya Nani Kwenye Kompyuta ya Maktaba?

Julai 2006 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha, kwa kura 410 dhidi ya 15, mswada wa kuzilazimisha shule na maktaba zinazopata nafuu ya serikali kwenye bili za intaneti zifunge mitandao ya kijamii. Hofu ya wakati huo ilikuwa MySpace na watu wazima waliowawinda watoto humo. Mswada ukafia Seneti. Oktoba 2008 ikaja sheria nyingine iliyozitaka shule zenye nafuu hiyo ziwafundishe wanafunzi mwenendo mwema mitandaoni.

Kenya mjadala huo, wa kama maktaba za shule zifungue au zifunge mitandao ya kijamii, una uzito wake wenyewe, kwa sababu shule zetu za bweni haziruhusu simu. Pale maktaba ilipo na kompyuta, mara nyingi ndiyo njia pekee ya mwanafunzi kuingia mtandaoni muhula mzima. Wanaotaka Facebook na TikTok zifungwe hawakosi hoja. Kompyuta ni chache; anayetazama video amemkalia mwenzake anayetafuta data ya mradi. Bando nalo huisha. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayodai idhini ya mzazi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa. Shule inayowafungulia wanafunzi akaunti kimyakimya inajitafutia kesi.

Ila tazama kinachotokea msimu wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Walaghai hufungua chaneli za Telegram, wakadai wana karatasi za mtihani, wakataka walipwe kwa M-Pesa kwanza. Polisi wamekamata watu kwa biashara hiyo zaidi ya mara moja, na bado wanunuzi hawaishi. Mojawapo ya hila zao ni rahisi mno: Telegram humruhusu mwenye chaneli kuhariri ujumbe wa zamani huku tarehe ya kwanza ikibaki palepale. Anaweka ujumbe wowote leo, mtihani ukishafanywa anaubadilisha, na mwakani anawaonyesha wateja wapya “ushahidi” kwamba aliwahi kuvujisha. Somo hilo halieleweki kwa kuhubiriwa kwenye gwaride la asubuhi. Mkutubi akiifungua chaneli ya namna hiyo kwenye skrini kubwa, akawaonyesha jinsi ujumbe unavyohaririwa, kidato cha nne kizima kitaelewa kabla kengele haijalia. Nani mwingine atawafundisha? Mzazi mwenyewe huenda ndiye anayetuma hela.

Kwa hiyo mitandao ya kijamii ifunguliwe, lakini akaunti za binafsi za wanafunzi zibaki nje. Aliyewahi kusimamia kompyuta za kutumiwa na wengi anajua: mmoja husahau kutoka, kivinjari kinahifadhi nywila, anayefuata anaandika matusi kwa jina la aliyesahau. Mkutubi, ambaye katika shule nyingi ni mwalimu mwenye vipindi vyake, hana muda wa kuamua kesi za namna hiyo. Akaunti moja ya maktaba anaiweza. Humo wanafunzi watachapisha maoni yao kuhusu vitabu, bila sura zao wala majina kamili, na kuwauliza waandishi maswali. Australia nayo, tangu 10 Desemba 2025, imeikaza sheria kwenye akaunti: mitandao mikubwa hairuhusiwi kuwapa akaunti walio chini ya miaka 16, ila kutazama yaliyo wazi bila akaunti hakukukatazwa. Kiwango chao cha umri ni cha kubishaniwa, lakini mstari wameuchora mahali panapoeleweka.

Udhaifu wa akaunti moja nao si siri. Mwanafunzi atasema yale tu ambayo mwalimu mkuu angependa kuyasoma. Lalamiko kuhusu maharagwe ya bwenini halitapita. Na adabu ya kuandika kwa jina la shule ni tofauti na ile atakayoihitaji akirudi kwenye simu yake likizoni, usiku, peke yake. Ndiyo maana ningewapa kidato cha tatu na nne zamu ya kuihariri akaunti hiyo kila wiki. Mkutubi angeweza kuzuia kitu kimoja tu, siri ya mtu. Mengine wangeyajibu wao wenyewe mbele ya wasomaji wao. Walimu wakuu wengi watalikataa sharti hilo la mwisho kabla hata hawajafika kwenye suala la bando.