Ambienti ya Nyumbani Inataka Sikio Kali

Muziki wa ambienti, ule wa sauti tulivu za polepole, kwa kawaida bila ngoma, una hatari ambayo singeli au bongo fleva haina: ni vigumu kuufanya usikike vibaya. Biti ikiteleza, hata mtoto anayecheza uani hujua. Mwimbaji akitoka nje ya ufunguo, watu hukunja uso. Lakini shikilia noti mbili za sintesaiza (ala ya kielektroniki), zimwagie rivebu, yaani mwangwi unaofifia polepole, ya sekunde kumi, na papo hapo utapata kitu kinachopendeza. Wengi wanaotunga nyumbani huishia hapo, wakapakia mtandaoni kazi ya dakika kumi ambayo wao wenyewe hawajawahi kuisikiliza kwa utulivu kutoka mwanzo hadi mwisho. Naamini kazi yenyewe huanza pale mradi unapoanza kupendeza, na kazi hiyo ni kujikosoa kwa utaratibu: dakika, sekunde, kosa, chanzo chake.

Vifaa havina mengi ya kusema. Laptop yenye RAM ya GB 8, programu ya kurekodia kama Reaper au Ardour, sintesaiza za bure kama Vital na Surge XT, Audacity ya kukatia na kusafishia sauti, na hedifoni zinazofunika sikio zima, basi. Fungua mradi kwa 48 kHz (sampuli 48,000 za sauti kila sekunde) na biti 24, weka bafa, yaani akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchakatwa, kwenye sampuli 1024. Bafa hiyo inachelewesha sauti kwa takriban milisekunde 21, jambo ambalo lingemkera mpiga ngoma, ila kwa sauti inayochukua sekunde tatu kupanda halina madhara, na prosesa inapata nafuu.

Makosa mengi hupandwa kwenye utunzi, kwa hiyo tuanzie huko. Njia ninayoitetea ni ya lupu, yaani vipande vya sauti vinavyojirudia, zenye urefu usiolingana. Mwanamuziki Mwingereza Brian Eno aliitumia katika albamu yake ya viwanja vya ndege, Music for Airports, ya mwaka 1978: noti zilizoimbwa, kila moja kwenye lupu yake ya kanda, na kwa maelezo yake mwenyewe lupu moja ilizunguka kwa sekunde 23 na nusu, nyingine karibu 26, nyingine karibu 30. Hesabu yake iko hivi. Ukichagua lupu za sekunde 16, 24 na 32, zote zitaanza pamoja tena baada ya sekunde 96, na msikilizaji ataushika mzunguko huo kabla kazi haijafika katikati. Chagua 17, 23 na 29, na mpangilio mzima hautajirudia mpaka zipite sekunde 11,339, yaani saa tatu na karibu dakika tisa. Kazi yako ya dakika nane haikaribii huko. Programu nyingi huvuta kila kipande kwenye gridi ya mpigo, kwa hiyo zima mvuto huo na upime lupu kwa sekunde.

Kila lupu ibebe noti moja au mbili, na angalau nusu ya urefu wake iwe kimya. Hapa watu hushindwa kujizuia. Kimya kinawatisha, wanakijaza. Lakini ni kimya hicho kinachoziruhusu lupu nyingine kusikika zinapopita. Na kwa kuwa huwezi kujua ni noti zipi zitakutana lini, chagua zile ambazo mbili zozote zikigongana hazitaumizana: Sol, La, Si, Re na Mi zinafaa kwa sababu ndani yake hamna hata jozi moja iliyoachana kwa nusu toni. Ukitamani kuongeza Fa kali, iliyo nusu toni chini ya Sol, ipeleke oktava moja au mbili mbali na Sol.

Tabaka nne zinatosha: la chini, la kati, la juu, na sauti ya mazingira. Muda wa sauti kupanda uwe sekunde 3 au 4, wa kufifia 6 hadi 8. Weka filta, yaani kichujio cha masafa, karibu na 1,200 Hz (mitetemo 1,200 kwa sekunde) na uiache isogee polepole kwa mzunguko wa 0.03 Hz, yaani mara moja kila sekunde 33 hivi. Mzunguko wa sekunde 4 au 5 ni wa haraka mno. Sikio litauhesabu kama mpigo na msikilizaji ataanza kungoja ngoma iingie.

Kuna jambo moja dogo ambalo hupuuzwa sana, nalo ni kutenganisha tyuni. Sauti mbili zikipiga noti ileile huku moja imepandishwa kidogo, hupumua: zinavuma, zinanywea, zinavuma tena. Kasi ya pumzi hiyo hutegemea noti. La ya 220 Hz ikipandishwa senti 4, yaani sehemu 4 za mia za nusu toni, hupumua mara moja kila sekunde 2. La ya 110 Hz kwa senti hizohizo hupumua kila sekunde 4, na hapo ni pazuri. La ya 880 Hz hutetemeka mara mbili kila sekunde. Ndiyo maana ukinakili tabaka la kati na kulipandisha oktava mbili bila kugusa kipimo hicho, tabaka jipya linasumbua na hujui kwa nini. Lipunguze hadi senti 1 na litatulia. Wale wanaouza muziki wa 432 Hz (La ya 432 badala ya 440 ya kawaida) kama dawa wanashusha tyuni yote kwa takriban senti 32 tu. Muda wa mtunzi ni bora uende kwenye hizi senti 4 ambazo sikio linazisikia kweli.

Rivebu isiwekwe kwenye kila chaneli. Tengeneza chaneli moja ya rivebu, kila tabaka litume kiasi chake huko. Muda wa kufifia sekunde 7 au 8, kuchelewa kwa mwanzo milisekunde 40, na kabla sauti haijaingia kata kilicho chini ya 250 Hz na kilicho juu ya 5 kHz. Sababu ni kwamba mkia wa rivebu hauondoki noti inapoondoka. Ukibadilisha noti kila sekunde 4 ndani ya mkia wa sekunde 8, msikilizaji hasikii mabadiliko. Anasikia noti ya zamani na mpya kwa pamoja muda wote, na kati ya 200 na 400 Hz panajaa tope. Mtunzi akiona tope, mara nyingi hupandisha masafa ya juu ili kuleta uwazi. Sasa ana tope na makali. Dawa ni kuliachia tabaka moja eneo hilo la 200 hadi 400 Hz na kuyakata mengine matatu kwa filta kuanzia 250 au 300 Hz kwenda chini. Tabaka la chini likihitaji uzito wa bezi, libaki na kilicho chini ya 150 Hz, bila kutuma chochote kwenye rivebu.

Sauti za mazingira ni utajiri wetu, na KMRU, msanii wa ambienti kutoka Nairobi, ameonyesha dunia zinavyoweza kubeba kazi nzima. Tatizo ni kwamba nyumba zetu zina matukio, na tukio hukamatwa na sikio haraka kuliko noti. Jogoo akiwika mara moja kwenye lupu ya sekunde 40, kufikia dakika ya pili msikilizaji anamsubiri jogoo. Honi ya bodaboda, mlango, mtu anayeita jina: yote hayo yakatwe, au rekodi iendelee kwa urefu wa kazi nzima bila kurudiwa. Mvua juu ya bati, upepo kwenye minazi na soko linalosikika kwa mbali hustahimili lupu, mradi iwe ya dakika tatu au zaidi na maungio yake yafunikwe kwa kufifisha kipande kimoja juu ya kingine kwa sekunde 2 hadi 4. Ukiunga kwa kukata tu, utasikia tiki.

Halafu kuna umeme. Gridi yetu ni ya 50 Hz, na feni, friji na chaja mbovu huacha mvumo wa 50, 100, 150 na 200 Hz ndani ya rekodi. Sol niliyoitaja hapo juu, ikipigwa chini kwenye bezi, iko 49 Hz. Mvumo wa 50 na noti ya 49 hupigana mara moja kila sekunde; oktava moja juu, 98 dhidi ya 100, hupigana mara mbili. Mtunzi atahangaika na sintesaiza siku nzima wakati kosa liko kwenye rekodi ya barazani. Kata rekodi yote chini ya 120 Hz, kisha weka filta nyembamba kwenye 150 na 200.

Sasa kujikosoa. Toa faili la WAV, funga laptop, acha mradi ulale usiku mmoja. Sikio lililokaa na sauti ileile saa mbili limeshaizoea; haliwezi tena kusikia kwamba tabaka la juu ni kali au kwamba dakika ya tatu haina kitu. Asubuhi sikiliza faili hilo, usifungue mradi. Ukifungua mradi utaona mawimbi na rangi za chaneli, na jicho litakwambia kitu kinakuja kabla sikio halijakutana nacho.

Usikilizaji wa kwanza uwe kwa sauti ndogo, kupitia spika, ukiwa chumba kingine unapiga pasi au unachambua mchele. Ambienti itasikilizwa hivyo na watu wengi, na sikio kwa sauti ndogo hupoteza bezi kwanza. Watafiti Fletcher na Munson walilipima hilo mwaka 1933. Kama tabaka la chini limetoweka kabisa, usipandishe 60 Hz, maana kwenye hedifoni itafurika. Liongezee uchafu kidogo wa kanda ili lipate masafa ya 120 na 180 Hz ambayo spika ndogo inaweza kuyatoa. Andika pia kila pahali ulipogeuza kichwa. Kugeuza kichwa ni ushahidi: kuna kitu kimeingia ghafla.

Wa pili ni wa hedifoni, macho yamefungwa, kalamu mkononi. Andika dakika na ulichosikia, usiandike marekebisho. "3:20, ya juu inaingia ghafla." "5:05, nimechoka." Marekebisho yatafutwe baadaye, kwa sababu chanzo cha kosa mara nyingi hakiko pale linaposikika. Uchovu wa 5:05 huweza kutokana na tabaka lililoingia 1:30 na halijanyamaza tangu hapo. "Haijakaa sawa" si ukosoaji, ifute na usikilize tena mpaka upate neno lenye maana.

Wa tatu unafanyika ndani ya mradi. Nyamazisha tabaka moja baada ya jingine, kila moja kwa dakika nzima. Usipohisi limekosekana, lifute. Hili ndilo jaribio ninaloliamini kuliko yote, na ndilo linalokwepwa zaidi kwa sababu tabaka hilo lilichukua jioni nzima kulitengeneza. Angalizo moja: ukinyamazisha tabaka, jumla inapungua sauti, na sikio hupenda chenye sauti kubwa hata tofauti ikiwa desibeli 1 tu. Pandisha jumla hadi zilingane ndipo uamue. Kanuni hiyohiyo itumike unapolinganisha kazi yako na ya msanii unayemheshimu.

Bonyeza pia kitufe cha mono, kinachounganisha kushoto na kulia kuwa sauti moja. Tabaka lililopanuliwa kwa plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya stereo huweza kunywea au kupotea, kwani upande wa kushoto na kulia hufutana, na simu nyingi za bei nafuu zina spika moja. Badala ya plagini, panua kwa kupeleka noti moja kushoto na nyingine kulia.

Ukimpa mtu asikilize, usimuulize kama ni nzuri. Kwa adabu atasema nzuri, au atauliza maneno yako wapi. Muulize alisikia nini kwanza na ni wakati gani alishika simu. Majibu hayo yanaingia kwenye karatasi pamoja na yako.

Rekebisha makosa matatu tu kwa mara moja, toa faili jipya lenye tarehe, rudia usikilizaji wa kwanza na wa pili. Ukibadilisha kumi kwa pamoja hutajua ni lipi liliharibu. Toleo jipya likianza kurudisha ulichokwisha kukifuta kwenye toleo la nyuma, umeshafika. Chagua moja kati ya hayo na uliache.

Kwenye utoaji wa mwisho, usishindanie ukubwa wa sauti. Spotify hulenga -14 LUFS, kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti, na hushusha kazi zilizopita hapo, kwa hiyo kukandamiza ambienti kwa limita, kifaa kinachobana vilele vya sauti, ni kupoteza pumzi zake bure. Mimi napendekeza -18 LUFS, kilele kisizidi -1 dB. Acha sekunde 15 baada ya noti ya mwisho, kwa sababu programu ikipewa mpaka wa noti itaukata mkia wa rivebu, halafu sikiliza sekunde hizo peke yake kwa sauti ya juu: mchirizo wa maiki, mvumo wa friji na mkato wa ghafla uliofichwa na muziki vitajitokeza hapo.