Minara ya Cologne: Gothiki halisi au nakala?

Ukisimama chini ya minara miwili ya Kanisa Kuu la Cologne, Ujerumani, utaapa kwamba unatazama kazi ya Zama za Kati. Kumbe minara hiyo ya mita 157 ilikamilika mwaka 1880. Jiwe la msingi liliwekwa 1248, lakini katika karne ya 16 kazi ilisimama, na winchi ya mbao ikabaki juu ya mnara wa kusini, ambao haukuwa umefika hata nusu. Ujenzi ulianza tena 1842. Sasa je, hii ni Gothiki, mtindo wa ujenzi wa makanisa ya Ulaya ya Zama za Kati, au ni nakala yake?

Wanaosema ni nakala wana hoja nzito. Gothiki haikuzaliwa kama pambo. Ilizaliwa kwa swali la fundi: utaezekaje ukumbi mpana kwa mawe bila kuta nene zinazoziba mwanga? Tao la nusu duara hufungwa na upana wake. Ukilitanua, nalo hupanda juu. Tao lililochongoka halina kifungo hicho: matao ya upana tofauti yanaweza kulingana vilele. Mbavu za mawe zikapeleka uzito wa dari kwenye nguzo, mihimili ya nje ikazuia msukumo wa pembeni, na ukuta, uliotuliwa mzigo, ukageuka dirisha. Hivyo ndivyo Suger, abate (mkuu wa monasteri), alivyoijaza nuru sehemu ya altare ya kanisa la Saint-Denis, karibu na Paris, mwaka 1144. Kujaribu huko kulikuwa na gharama: huko Beauvais, Ufaransa, walikothubutu kuinua dari la kanisa kuu hadi mita 48, sehemu yake iliporomoka 1284. Waliofufua mtindo huu katika karne ya 19 hawakuwa na hofu hiyo, kwa sababu walikuwa na chuma. Paa la Cologne limebebwa na fremu za chuma zilizofichwa juu ya dari la mawe.

Hoja hiyo ya chuma, hata hivyo, hainishawishi. Sainte-Chapelle, kanisa la Paris la karne ya 13, nalo limefungwa kwa chuma ndani ya mawe yake.

Na tukidai usafi wa asili, tutaanzia wapi? Tao lililochongoka lilikuwa tayari limejaa kwenye msikiti wa Ibn Tulun, Cairo, uliokamilika 879. Hata magofu ya Gedi, karibu na Malindi, yana milango ya matao hayo, bila kumngoja Mfaransa. Mbavu za mawe zilikwisha kujengwa katika kanisa kuu la Durham, Uingereza, kabla ya Saint-Denis. Wagothi wenyewe, watu wa kale wa Kijerumani, hawahusiki kabisa. Jina hilo lilishikamana na mtindo huu kama tusi la Waitalia wa karne ya 16, waliouona wa kishenzi.

Mimi naitetea Cologne, lakini siutetei ufufuo wote. Jengo la Bunge la London, lililojengwa baada ya moto wa 1834, lina mpangilio wa Kiklasiki, wa mtindo wa Wagiriki na Warumi wa kale, uliopangwa na msanifu Charles Barry. Gothiki ya msanifu mwenzake, Augustus Pugin, imevikwa juu yake kama kanzu. Cologne ni tofauti. Mchoro wa Zama za Kati wa uso wa magharibi ulipatikana vipande viwili, kimoja Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1814, kingine Paris 1816, na wajenzi wakaufuata. Chini ya mnara wa kusini kuna mawe ya volkano kutoka kilima cha Drachenfels yaliyochongwa na mafundi wa kale. Juu yake yamekaa ya karne ya 19, na uzito wote wa juu unashukia yale ya chini.