Barabara Ilikufa Ikakumbukwa, Klabu Ikaishi Ikasahaulika

Mwendesha baiskeli anayetoka Cunningham Park kwenda Alley Pond Park, mtaani Queens jijini New York, hupita juu ya vidaraja vya zege vyenye umri wa zaidi ya miaka 100. Njia ni nyembamba na miti imeifunika pande zote. Asipoambiwa, hatajua kwamba anakanyaga mabaki ya mojawapo ya barabara za mwanzo kabisa duniani kujengwa kwa ajili ya magari peke yake. Jina lake ni Long Island Motor Parkway, na mwenyewe alikuwa mtu binafsi, William K. Vanderbilt Mdogo, mtoto wa ukoo uliotajirika kwa meli na reli.

Barabara hii imeandikiwa sana. Ina wapenzi wake, ina ramani zake, na kipande chake cha Queens kimeorodheshwa kama urithi wa taifa tangu mwaka 2002. Lakini jirani yake, klabu ya gofu ya Deepdale, ambayo Vanderbilt huyo huyo aliianzisha kandokando ya barabara yake katika eneo la Lake Success, haijulikani kwa watu wa kawaida. Uwanja wake wa kwanza ulikatwa na barabara kuu ya serikali miaka ya 1950, klabu ikahama, na habari zake nyingi zikahama nayo.

Wapo wanaosema hilo ni pengo katika historia, na kwamba serikali ilitenda kosa kupitisha lami juu ya kazi ya sanaa. Wapo wanaojibu kwamba kiwanja cha matajiri wachache kikipisha njia ya mamilioni hakuna cha kulilia. Nimezipima hoja zote mbili, na naona zote zinamkamata mshitakiwa asiye sahihi.

Tuanze na barabara, maana bila hiyo klabu haieleweki. Vanderbilt alikuwa mpenda mbio za magari. Mwaka 1904 alianzisha mashindano ya kombe lenye jina lake, na magari yakawa yanakimbizwa kwenye barabara za kawaida za vijijini katika kisiwa cha Long Island, watu wamejipanga pembeni kama wako harusini. Mwaka 1906 mtazamaji mmoja akagongwa akafa. Ndipo tajiri akaamua kujenga barabara yake mwenyewe, isiyo na mfugo wala mkokoteni, isiyokatizana na barabara nyingine popote. Ujenzi ulianza 1908, na miaka michache baadaye ilikuwa na urefu wa kilomita 72 hivi, kutoka Queens hadi Lake Ronkonkoma, ikiwa na madaraja 65. Ukitaka kupita unalipa dola 2, pesa ambayo kibarua wa siku zile aliihitaji kwa mengine.

Hapa kuna jambo ambalo wapenzi wa barabara hiyo hulitaja kwa kucheka, nami naliona ndilo kiini. Motor Parkway ilikuwa na kona nyingi za ajabu. Sababu ni kwamba kampuni ya Vanderbilt, pamoja na utajiri wote ule, haikuwa na mamlaka ya kutwaa ardhi ya mtu. Mkulima akikataa kuuza, barabara inamzunguka. Kila kona ni "hapana" ya mtu fulani iliyoandikwa ardhini kwa zege.

Serikali haikuwa na kizuizi hicho. Robert Moses, mtu aliyezijenga barabara na bustani za New York kwa miongo mingi bila kuchaguliwa na mpiga kura yeyote, alileta barabara za umma zisizotozwa ushuru. Northern State Parkway ilipofika jirani, nani angelipa kupita kwa Vanderbilt? Ushuru ulishushwa mara kwa mara hadi senti 40, na wapi. Mwaka 1938 barabara ilifungwa, ikakabidhiwa kwa serikali kufidia deni la kodi la dola 80,000 hivi. Mwaka huo huo kipande cha Queens kikageuzwa njia ya baiskeli. Kilichokuwa cha tajiri kikawa cha kila mwenye magurudumu mawili.

Deepdale ilizaliwa katikati ya miaka ya 1920, barabara ikiwa bado hai. Vanderbilt aliwaita Charles Blair Macdonald na Seth Raynor wamchoree uwanja. Kwa watu wa gofu hao si majina madogo: Macdonald ndiye aliyejenga National Golf Links of America huko Southampton, akichukua mawazo ya viwanja vya kale vya Scotland na kuyapanda katika udongo wa Marekani. Kwa hiyo wanaosema uwanja wa kwanza wa Deepdale ulikuwa na thamani ya sanaa hawasemi uongo. Uwanja wa gofu ni mchoro uliochorwa kwa vilima na mchanga. Ukipitishiwa tingatinga hauwezi kutundikwa ukuta mwingine.

Kisha ikaja Long Island Expressway, ile barabara kuu ya serikali. Ilipopimwa, mstari ukapita ndani ya uwanja. Klabu ikachukua jina lake na wanachama wake, ikahamia shamba la kifahari lililokuwa la ukoo wa Grace, huko North Hills, si mbali, na kujengewa uwanja mpya na mchoraji mwingine, Dick Wilson. Kilichobaki cha uwanja wa zamani kikanunuliwa na kijiji cha Lake Success. (Kijiji kwa sheria ya jimbo la New York, yaani mamlaka ndogo ya mji; msifikirie nyumba za makuti.)

Anayeitetea serikali ana hoja nzito. Long Island ya baada ya vita ilijaa watu: askari waliorudi, familia changa, nyumba zilizoota kama uyoga. Walihitaji kufika kazini. Huwezi kuwaambia watu wote hao wazunguke kwa sababu watu mia kadhaa wanapenda kupiga mpira mweupe Jumamosi. Na klabu haikudhulumiwa kwa maana tunayoijua wengine. Ilihama ikiwa na uwezo, ikapata ardhi nzuri, ikaendelea. Mtu akihamishwa kutoka kwenye shamba la mihogo na kupewa fidia isiyotosha hata bati, huyo ndiye wa kuhurumiwa kwanza.

Hoja hiyo ningeikubali moja kwa moja kama barabara za Moses zingekuwa na moyo mmoja kwa wote. Hazikuwa nao. Miaka ya 1920, Northern State Parkway ilipokuwa ingali kwenye karatasi, tajiri mwenye benki, Otto Kahn, aligundua kwamba mstari ungepita kwenye uwanja wake binafsi wa gofu wenye mashimo 18. Akatoa dola 10,000 kwa ajili ya upimaji, na mstari ukasogea kusini, ukaangukia mashamba ya wakulima wasio na wa kumpigia simu. Kwa hiyo "manufaa ya umma" yaliweza kupinda mbele ya mlango mmoja na kunyooka mbele ya mwingine. Vanderbilt alimzunguka mkulima kwa sababu hakuwa na nguvu juu yake. Moses, aliyekuwa nayo, alimkata mkulima ili amzunguke tajiri. Miaka ya 1950 zamu ya Deepdale ilipofika, klabu ilikuwa inaonja kijiko kidogo cha dawa ambayo wengine walikuwa wameinywa kwa kikombe.

Kuna mfano mwingine wa karibu unaosaidia kupima. Klabu ya Fresh Meadow ilikuwa Queens, karibu na mwisho wa magharibi wa Motor Parkway. Mwaka 1930 ilipokea michuano ya PGA, chama cha wachezaji gofu wa kulipwa wa Marekani, Tommy Armour akamfunga Gene Sarazen kwenye fainali. Mwaka 1932 ikapokea US Open, mashindano ya wazi ya gofu ya Marekani, Sarazen akarudi akashinda kwa mipigo 66 raundi ya mwisho. Mwaka 1946 uwanja uliuzwa kwa kampuni ya bima ya New York Life, na juu yake zikajengwa nyumba za kupanga kwa maelfu ya familia. Uwanja umetoweka kabisa, hata kilima hakikubaki. Lakini historia yake haijapotea hata kidogo. Kwa nini? Kwa sababu milango ilifunguliwa. Watazamaji waliingia, waandishi waliandika, alama za kila raundi zimehifadhiwa.

Linganisha na Deepdale, ambayo ardhi yake ya zamani bado ni ya kijani na klabu yenyewe bado ipo. Kwa mantiki ya tingatinga, Deepdale ndiyo ingekumbukwa na Fresh Meadow ingesahaulika. Imekuwa kinyume. Kwa hiyo aliyeifuta Deepdale kwenye kumbukumbu si lami. Ni lango lake lenyewe.

Na ona kile ambacho lango halikuweza kukizuia. Mwaka 1955 klabu iliandaa mashindano yenye mnada wa kamari: kila timu ya wachezaji inanadiwa, mnunuzi anaweka pesa kwenye chungu, timu ikishinda anavuna. Wachezaji wawili wakaja na handikapu (namba ya kupimia uwezo wa mchezaji) za uongo, wakijifanya wa kiwango cha chini kumbe ni mahodari, wakashinda. Pesa zilizotajwa kwenye mkasa huo zilizidi dola 16,000. La kuvunda halina ubani; magazeti yalipolinusa, chama cha gofu cha Marekani kikasimama hadharani kupinga minada ya aina hiyo. Leo ukiwauliza wajuzi wa gofu kuhusu Deepdale ya zamani, wengi watakutajia hilo kwanza. Klabu ikikaa kimya kuhusu maisha yake, aibu yake ndiyo huisemea.

Wanaotetea usiri wa klabu nao wasikilizwe. Watu wana haki ya kukutana bila kuwajibika kwa wapita njia. Na usiri huo huo ndio uliohifadhi nyasi: eneo ambalo leo lingekuwa maegesho ya duka kubwa bado lina miti. Hili si dogo Long Island. Tena jaribio la kuifanya Deepdale mpya kuwa ya umma lilikuwa kichekesho. Mwaka 2006 viongozi wa kijiji cha North Hills walitaka kuitwaa klabu kwa nguvu ya sheria ili iwe uwanja wa wanakijiji. Mwaka uliotangulia Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4 katika kesi ya mji wa New London, ilikuwa imeruhusu ardhi binafsi kutwaliwa kwa ajili ya maendeleo ya kiuchumi, na kila mtu alikuwa na wasiwasi wa kufuatwa. Lakini umma wa North Hills ni nani? Ni maelfu machache ya watu wenye nafasi, na uwanja ungewapandishia thamani nyumba zao. Hata ule wa Lake Success, uliokuwa Deepdale ya kwanza, ni mali ya kijiji lakini unaendeshwa kwa ajili ya wakazi wake. Kumnyang'anya tajiri ili umpe jirani yake tajiri si kuurudishia umma kitu. Watunga sheria wa jimbo waliingilia na mpango ukafa, na nadhani walifanya vema.

Ila hapo ndipo klabu ilipofungua mlango ambao haiwezi kuufunga tena. Ilipotishwa, haikujilinda kwa lango lake. Ilikwenda kwa umma, kwa wawakilishi waliochaguliwa, ikaomba kinga, ikapewa. Aliyekingwa na umma ana deni kwa umma. Sisemi tuingie kucheza. Nasema kumbukumbu za mikutano ya miaka ya 1920 na 1930, ramani za Macdonald na Raynor, orodha za vibarua na makedi waliobeba mifuko ya wenye magari, vyote vilivyopo viwekwe kwenye maktaba ya wilaya au chuo. Hata mtu mwenye mashaka na serikali, kama mimi, haoni dhuluma katika hilo.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kulijua eneo hili. Kuanzia 1946 hadi 1951, Umoja wa Mataifa ulikuwa na makao ya muda Lake Success, ndani ya kiwanda cha Sperry, katika kijiji kile kile ambamo Deepdale ilikuwa ikicheza gofu yake. Baraza la Udhamini, lililosimamia Tanganyika na Ruanda-Urundi, lilikaa kikao chake cha kwanza hapo Machi 1947. Ardhi yetu, mashamba yetu, nani apewe na nani aondolewe, vilijadiliwa humo mabwana wakiwa mezani na sisi hatupo. Na bado kila neno liliandikwa. Mtafiti wa Dodoma au Bujumbura anaweza leo kusoma mjumbe yupi alisema nini kuhusu nchi yake siku ile. Lakini walichoamua wanachama wa klabu mwendo mfupi kutoka hapo, siku walipopata habari kwamba barabara inakuja kukata uwanja wao, kama walibisha, kama walitafuta Moses wao kama Kahn alivyofanya, kama walipiga kura wakaondoka kimya, kinawategemea warithi wa kabati lao.