Mjomba Aliyemezwa na PHP

Harusi ya binamu yangu ilipokaribia, kamati ikachoshwa na daftari la michango. Nikajitosa: "Nitawatengenezea programu." Mimi na PHP, lugha ya kuandikia programu, tulikuwa tumejuana wiki tatu tu.

Kikao cha Jumapili, projekta ikawashwa. Majina yakajipanga ukutani, mwenye kiasi kikubwa juu, wa elfu tano chini. Makofi! Mjomba akavaa miwani, akausoma ukuta kutoka juu mpaka chini, halafu kutoka chini mpaka juu.

"Laki tano yangu iko wapi?"

Macho yote kwa Shangazi, mweka hazina. Tena jumla pale chini ilisoma 2,350,000, na mzee mmoja mwenye kalkuleta ya simu alishajumlisha majina akapata 1,850,000. "Pesa ipo, mtu hayupo," akasema. Shangazi akaapa kwa marehemu wote wa ukoo.

Nikabahatisha kwamba labda muamala haukuingia. (Uongo. Niliuingiza kwa mkono wangu.) Mjomba kwa hasira akachomoa laki mbili nyingine, nikaziandika watu wote wakinitazama, nikabonyeza. Hola! Kumbe ndiyo kwanza nilikuwa nazidi kumkandamiza pale pale anapomezwa.

Usiku huo nilikesha mpaka jogoo akawika. mysqli_fetch_assoc, amri ya PHP ya kusoma orodha iliyohifadhiwa, kila ukiiita, inakupa mstari mmoja kisha inasogea kwenye unaofuata. Mimi mjanja, kabla ya kuanza while (inayorudia kuchapa mstari hadi mstari), niliiita mara moja ndani ya if (inayouliza "je, ni kweli?"), kuchungulia tu kama kuna mchango wowote. Mstari niliouchungulia ukaenda na maji, maana while ilianzia wa pili. Na kwa kuwa nilipanga kwa ORDER BY kiasi DESC, yaani kuanzia kiasi kikubwa kushuka, wa kwanza angekuwa nani kama si Mjomba? Jumla ilisalimika kwa sababu SUM, yaani kujumlisha, niliiomba MySQL, ghala la data, kando, kwa swali lake lenyewe.

Ndani ya if nikaweka mysqli_num_rows, ambayo huhesabu bila kuchukua kitu. Mjomba akafufuka, kileleni kabisa, 700,000.

Kikao kilichofuata akataka apigwe picha na ule ukuta. Watu wakicheka, Shangazi akanivuta jikoni, akafunga mlango.

"Mwanangu, lile kosa umelifuta kabisa?"

"Kabisa, Shangazi."

"Ungeliweka mahali. Desemba tuna kipaimara."